Msafara Umepita, Nani Ameandika Muda?

Usiku wa tarehe 22 Septemba 2025 Rais wa Ufaransa, Emmanuel Macron, alitoka makao makuu ya Umoja wa Mataifa jijini New York akakuta njia imefungwa. Askari akamweleza kwa adabu kwamba samahani, hapiti mtu, kuna msafara unakuja. Ulikuwa wa Donald Trump. Macron akachomoa simu, akampigia Trump mwenyewe na kumtania kwamba yuko barabarani anasubiri, maana kila kitu kimesimamishwa kwa ajili yake. Utani haukumpatia gari. Njia ilipofunguliwa kwa watembea kwa miguu alikata mitaa kama nusu saa, wapita njia wakiomba kupiga naye picha.

Watu walicheka sana, na sababu ya kicheko ilikuwa wazi: aliyezoea kufunguliwa njia huku wenzake wakizuiwa, naye kaonja. Ila kuna jambo ambalo wachekaji wengi walilipita. Macron aliambiwa anayepita ni nani, na alikuwa na namba ya simu ya mwenye msafara. Msubiri wa kawaida hana kimojawapo.

Yeye husubiri hivi. Trafiki anaingia katikati ya makutano, ananyoosha mkono, anageuza mgongo. Dakika za mwanzo hakuna neno. Foleni ni foleni. Kisha injini zinazimwa moja baada ya nyingine. Abiria wa basi wanachungulia madirishani, wanashuka, wengine wanaamua kutembea. Mwenye pikipiki anajaribu kupenya pembeni, filimbi inamrudisha. Mtu anajikaza kuuliza, "Afande, anapita nani?" Afande anaitazama simu yake ya upepo kana kwamba swali limetokea humo. Mara nyingi hata yeye hajui. Ameambiwa "funga", anangoja kuambiwa "fungua". Hatimaye zinapita pikipiki za ving'ora, magari meusi yenye vioo vyeusi, gari la wagonjwa na mlolongo wa magari mengine ambayo hakuna anayejua yamebeba nani, na yote hayo yanakwisha kabla hujamaliza kuwasha gari. Halafu njia haifunguliwi. Kumbe waliopita ni wa kutangulia tu, mkubwa mwenyewe yuko nyuma.

Ukisikiliza yanayosemwa pale, utakuta hasira ni ya aina moja na maneno ni ya kila aina. Mmoja anasema si wangetuambia mapema tukapita njia nyingine. Mwingine anauliza kama huyu si yuleyule aliyekuja kuomba kura kwa miguu. Na kila mara hayakosekani maneno ya mtu mmoja mtulivu: mwacheni jamani, uongozi una maadui.

Mtu huyo hupuuzwa, na mimi naona anaonewa, kwa sababu anachokisema ni kweli tupu. Waziri Mkuu wa Sweden, Olof Palme, alitoka sinema na mkewe usiku wa Februari 28, 1986, bila mlinzi hata mmoja, akapigwa risasi mtaani Stockholm. Wanaotamani kiongozi wao atembee kama raia wengine hawana budi kulijibu hilo kabla hawajaendelea. Kiongozi akiuawa, nchi haizikwi siku moja na yeye. Inaweza kuyumba miaka. Hivyo nakubali alindwe, hata akipishwa barabarani ni haki. Ninachokataa ni kuaminishwa kwamba kila dakika ambayo barabara imefungwa ni dakika ya ulinzi. Nyingi si za ulinzi. Ni za woga wa afisa aliyepewa makutano.

Jiweke kwenye viatu vya afisa huyo. Akifunga mapema mno, watu elfu kadhaa wanachelewa na yeye hapati hata karipio. Akichelewa kufunga na msafara ukapunguza mwendo kwa sababu ya lori moja, kesho ana barua mezani. Basi kila ngazi ya amri inaongeza akiba yake. Aliye juu anasema msafara unapita saa nne. Anayefuata anasema tuwe tayari saa tatu na nusu. Wa chini kabisa, asiye na wa kumtupia lawama, anafunga saa tatu. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kuwatesa wananchi saa nzima. Saa hiyo imejengwa vipande vipande na watu ambao kila mmoja alikuwa anajikinga.

India inatupa mifano miwili inayoweza kuwekwa kwenye mizani moja. Juni 2021, katika mji wa Kanpur, mwanamke mgonjwa alikwama kwenye foleni iliyotokana na msafara wa Rais Ram Nath Kovind, akafikishwa hospitali akiwa ameshafariki. Mkuu wa polisi wa mji akaomba radhi hadharani, Rais akatuma rambirambi, na askari kadhaa wa vyeo vya chini wakasimamishwa kazi. Miezi sita hivi baadaye, Januari 5, 2022, msafara wa Waziri Mkuu Narendra Modi ulikwama juu ya daraja huko Ferozepur, jimbo la Punjab, kwa sababu wakulima waliokuwa wakiandamana walikuwa wameziba barabara mbele. Alikaa pale kati ya dakika 15 na 20, akageuza. Suala likafika Mahakama ya Juu, ambayo iliunda kamati chini ya jaji wake mstaafu kuchunguza kilichotokea.

Siwezi kusema kamati ile ilikuwa ya bure. Waziri Mkuu aliyesimama juu ya daraja asikoweza kwenda mbele ni hatari ya kweli, na taifa lolote lingetaka maelezo. Lakini afisa wa kawaida anayetazama matukio hayo mawili anajifunza nini? Anajifunza kwamba dakika 20 za mkubwa huitisha jaji, na uhai wa mgonjwa huishia kwa askari wa vyeo vya chini. Kesho akipewa makutano atafunga saa ngapi?

Lawama ina tabia ya kuteremka mteremko huohuo hata katika nchi ambazo tunadhani zimeshapita huko. Poland, Februari 10, 2017, gari la Waziri Mkuu Beata Szydło liligongana na Fiat ndogo katika mji wa Oświęcim, likaishia kwenye mti. Kijana wa miaka 21 aliyekuwa kwenye Fiat ndiye aliyeshtakiwa. Ubishi ukawa mmoja: je, msafara ulikuwa umewasha ving'ora? Walinzi wakasema ndiyo. Miaka kadhaa baadaye mmoja wao, akiwa ameshaacha kazi, akajitokeza kueleza kwamba havikuwashwa na kwamba ushahidi walioutoa ulikuwa wa uongo. Kesi ya kijana ilizungushwa mahakamani kwa miaka sita.

Turudi kwenye ulinzi wenyewe, kwa sababu hapo ndipo hoja ya "hatuna njia nyingine" inapolegea. Mauaji makubwa ya barabarani katika historia yana kitu kimoja kinachofanana. Sarajevo, Juni 28, 1914, njia ya Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria, ilikuwa inajulikana mapema, ndiyo maana wauaji walijipanga pembeni mwake. Bomu la kwanza likamkosa, kisha dereva akakata kona isiyo yake na kusimama karibu kabisa na mmoja wa wauaji hao, Gavrilo Princip. Dallas, Novemba 22, 1963, njia ya John Kennedy ilikuwa imeshachapishwa magazetini siku kadhaa kabla, na gari lake la wazi lilikuwa linakwenda taratibu, kama kilomita 18 kwa saa, kwa sababu lengo lilikuwa aonekane na apungiwe. Kilichowaponza wote wawili ni kwamba adui alijua watapita wapi na lini.

Sasa fikiria barabara iliyofungwa saa nzima kabla. Umewatangazia watu wote njia na muda. Mwenye nia mbaya hahitaji jasusi ikulu. Anahitaji dirisha linalotazama makutano. Umemkusanyia na umati wa kujifichia. Kinyume chake, jioni ya Agosti 22, 1962, Rais wa Ufaransa, Charles de Gaulle, alikuwa anapita Petit-Clamart, nje ya Paris, akiwa na magari mawili na pikipiki mbili tu. Wauaji wa OAS, kundi la Wafaransa waliopinga uhuru wa Algeria, wakammiminia risasi, zaidi ya kumi zikalipiga gari, matairi yakapasuka, na dereva akakanyaga mafuta wakatoka salama bila mtu kujeruhiwa ndani. Waliomwokoa ni dereva hodari, gari imara la Citroën na bahati kubwa. Barabara wala haikuwa imefungwa.

Isitoshe, tangu magari ya wakubwa yafungwe vioo visivyopenya risasi, hatari imehama. Ronald Reagan alipigwa risasi mwaka 1981 akitembea kutoka mlango wa hoteli kwenda kwenye gari. Yitzhak Rabin, Waziri Mkuu wa Israel, aliuawa mwaka 1995 alipokuwa anaelekea gari lake baada ya mkutano wa hadhara. Shinzo Abe, Waziri Mkuu wa zamani wa Japani, mwaka 2022 alikuwa amesimama mtaani akihutubia, na Waziri Mkuu Robert Fico wa Slovakia mwaka 2024 alikuwa anasalimia watu. Abe akafa, Fico akapona. Benazir Bhutto, Waziri Mkuu wa zamani wa Pakistan, Desemba 27, 2007, alikuwa ndani ya gari la kivita. Alisimama akatoa kichwa juu ya paa kuwapungia wafuasi wake, na wenzake waliobaki ndani wakanusurika. Ukizipanga kesi hizo utaona kwamba mita hamsini za kushuka na kupanda gari ndizo zinazotaka macho. Kilomita ishirini za barabara tupu zinapendeza kuliko zinavyolinda.

Nikisema zinapendeza sifanyi mzaha. Msafara mrefu ni hotuba ya kimya kuhusu ukubwa, na ndiyo maana mkia wake haupungui. Nyuma ya gari la mlinzi na la daktari kuna mkuu wa hapa, mwenyekiti wa pale, mpambe, mpambe wa mpambe, na mfanyabiashara aliyepachika gari lake katikati kwa sababu anafahamiana na mtu. Hawa hawatishiwi na yeyote. Wanakula dakika za ulinzi wa mtu mwingine. Na mwananchi anapowatukana wale wa mkiani, tusi linahesabiwa la kiongozi.

Kimulimuli nacho ni hivyohivyo. India ilipoamua kuondoa taa nyekundu juu ya magari ya viongozi wote kuanzia Mei 1, 2017, Waziri Mkuu akiwemo, watu walishangilia kuliko ukubwa wa jambo lenyewe. Warusi mwaka 2010 walikuwa wamechoka na magari ya wakubwa na matajiri yenye taa ya bluu, wakaanza kubandika ndoo za bluu za watoto juu ya magari yao na kuendesha mjini. Polisi wakabaki kutafuta kifungu cha sheria kinachokataza ndoo. Kwangu mimi hiyo ndiyo lawama iliyolenga vizuri kuliko zote za barabarani: haikugusa ulinzi wa rais wala haikumrushia mtu jiwe, iliigusa taa tu.

Siyo kila serikali inaweza kustahimili ndoo. Zimbabwe mwaka 2002 ilipitisha kanuni za barabarani zilizofanya kuwa kosa kuuonyeshea msafara wa rais ishara ya dharau au kutamka neno la matusi ukiwa karibu nao. Wakazi wa Harare walikuwa wameshaubatiza msafara wa Robert Mugabe jina la bendi ya Bob Marley, The Wailers, yaani wanaolia, kwa sababu ya jina la mwenyewe na vilio vya ving'ora. Kanuni haikulifuta jina hilo. Ilichofuta ni uwezo wa Mugabe kujua, akitazama nje ya kioo, kama mtu aliyesimama pembeni anampenda au anaogopa faini.

Uganda mambo yalifika mbali zaidi. Agosti 13, 2018, mjini Arua, wakati wa kampeni za uchaguzi mdogo, serikali ilisema msafara wa Rais Yoweri Museveni umepigwa mawe na kioo cha gari kuvunjika. Jioni hiyo dereva wa mbunge Bobi Wine aliuawa kwa risasi, na watu zaidi ya 30, mbunge mwenyewe akiwemo, wakashtakiwa kwa uhaini. Jiwe ni jiwe, na anayelirusha kwenye gari linalokwenda kasi anaweza kuua, sitamtetea. Lakini kati ya jiwe na uhaini pana umbali, na serikali inayouruka umbali huo inakuwa imekiri kwamba haina kipimo kingine cha kusoma hasira za watu.

Linganisha na mwanamke wa Virginia, Marekani, aliyekuwa anaendesha baiskeli Oktoba 2017. Msafara wa Trump ulipompita ukitoka kwenye uwanja wa gofu, akauinulia kidole cha kati, mpiga picha akanasa. Polisi hawakumgusa. Mwajiri wake, kampuni yenye mikataba ya serikali, ndiye aliyemfukuza kazi. Novemba 2019 akagombea udiwani katika kaunti hiyohiyo, akashinda. Adhabu ilimfikia, tusijidanganye kwamba huko ni peponi. Ila sanduku la kura lilikuwepo, likapokea hasira ile ikaisha kwa utaratibu.

Kuna upande wa barabara tusiouzungumza sana kwa sababu hauna siasa tamu: mwendo. Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu wa Tanzania, Edward Sokoine, alikuwa anatoka bungeni Dodoma kurudi Dar es Salaam. Gari lililokuwa linatoka upande wa pili likalivaa gari lake eneo la Dakawa, Morogoro, na taifa likalia. Aprili 12, 2007, tarehe ileile kwa sadfa, gavana wa New Jersey, Jon Corzine, alikuwa anaendeshwa na askari wake kwa kilomita 146 kwa saa, vimulimuli vikiwaka, bila kufunga mkanda, akiwahi kikao ambacho hakikuwa na dharura yoyote. Gari likapata ajali, akavunjika mguu na mbavu kadhaa. Alipopona alitoa tangazo la televisheni akiwahimiza watu wafunge mikanda, akilipa na faini. Viongozi wachache huweza. Juni 2024 Malawi ilikuwa inamsindikiza Makamu wa Rais Saulos Chilima kwenda kuzikwa, watu wamejaa barabarani kumuaga, gari moja la msafara likawaparamia waombolezaji wilayani Ntcheu na kuua wanne. Wale hawakuwa wapinzani wa msafara. Walikuja kwa mapenzi.

Na usiseme basi wapande ndege. Chilima mwenyewe alikufa angani Juni 10, 2024, wiki tatu baada ya Rais Ebrahim Raisi wa Iran kufa kwenye helikopta.

London wana kikosi cha polisi wa pikipiki kinachofanya kazi hii kwa namna nyingine. Ving'ora hawavipendi, wanatumia filimbi. Pikipiki moja inasimamisha magari kwenye makutano kwa muda mfupi tu, msafara unapita, askari anafungua njia palepale na kukimbilia makutano ya mbele kuwapokea wenzake. Hakuna barabara inayokaa tupu. Ni kazi ngumu inayotaka mazoezi ya miaka, na haina kinga: Mei 2023 pikipiki ya kikosi hichohicho, ikimsindikiza Sophie, mke wa mdogo wake Mfalme Charles, ilimgonga bibi wa miaka 81 huko Earl's Court, naye akafariki. Kwa hiyo siuzi muujiza. Nasema tu kwamba yupo aliyejaribu kufunga kwa sekunde badala ya saa, katika jiji lenye maadui wa kutosha.

Wakuu wa usalama wakiambiwa hayo hujibu kwamba kila nchi ina mazingira yake, na hapo huwa wanasema kweli. Basi tuwaachie mazingira, pikipiki na filimbi zao. Ninachowaomba hakigharimu chochote: kwenye kila makutano yaandikwe saa ambayo njia ilifungwa, saa ambayo gari la kiongozi lilipita, saa ambayo njia ilifunguliwa, na jina la aliyetoa amri. Iandikwe pia kama kuna gari la wagonjwa liliomba njia na lilijibiwa nini. Mwisho wa mwezi karatasi hizo ziende bungeni, kwa kamati inayosimamia polisi. Watasema ni siri za usalama. Msafara wa juzi hauna siri tena; waliouona ni wote waliosimama pale. Kinachofichwa kwa kutoandika ni pengo kati ya saa ya kwanza na ya pili, ambalo afisa aliyefunga hajawahi kuulizwa hata siku moja.